"Nimeshaiona" Si Sababu

Nenda kibanda chochote cha kuingizia muvi kwenye flashi, Mwanjelwa hapa Mbeya au Mlandege kule Iringa, umwombe kijana akuwekee Prison Break. Atakuangalia usoni kwanza. "Hiyo ya zamani sana, mama. Hujaiona mpaka leo?" Mjibu kwamba umeiona, tena zaidi ya mara moja, na ndiyo maana unaitaka. Hapo umemvuruga. Kwake yeye sizoni ikishatazamwa kazi yake imekwisha, kinachobaki ni kuifuta ili nafasi ipatikane ya nyingine. Sasa mwongezee kwamba unataka ukaitazame na mumeo, mwanamume ambaye picha za majambazi na magereza hazimpandi hata kidogo. Hata mteja wa pembeni, aliyekuja kuongeza nyimbo za kwaya tu, ataingilia: "Mwache baba wa watu apumzike."

Huo ndio msimamo wa karibu kila mtu ninayemfahamu, kuanzia vijana wa vibandani hadi mama zetu wa kicheni pati. Wanasema picha ya uhalifu ni kitendawili: ukishamjua muuaji umeshakitegua, na anayerudi kukitegua tena ana muda wa kuchezea. Wanasema pia kwamba starehe ya kioo haishurutishwi. Nyumba yenye amani ni ile ambayo mke ana tamthilia yake ya Kituruki kwenye king'amuzi, mume ana mpira wake kwenye simu, na masikio yote manne yamezibwa. Mimi nasema picha ya uhalifu huanza kutazamika pale unapoujua mwisho wake. Na mtu wa kwanza wa kumketisha pembeni yako ni yule asiyeitaka.

Tuanze na huo mwisho unaolindwa kwa nguvu zote. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo wengi wa rika langu na wakubwa zetu walijifunzia kutazama kwenye mabanda ya video, wamebanana kwenye mabenchi ya mbao. Kila mtoto wa banda aliijua sheria moja kabla hajajua kusoma: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Kwa maneno mengine, banda zima liliujua mwisho kabla mashine haijawashwa, na bado watu walilipa kiingilio. Kesho yake walirudi kwa mkanda uleule, kwa kuwa ndio uliokuwepo. Waliokwisha kuiona waliketi mbele na kutangaza: "Sasa anakuja, sasa anakuja, angalieni mlango!" Hakuna aliyewanyamazisha. Alipotokea msimulizi wa aina ya Lufufu, aliyezungumza Kiswahili juu ya sauti za picha za kigeni na kuzitia chumvi yake, watu hawakulalamika kwamba anawaharibia. Walimtafuta yeye.

Hofu ya kuhadithiwa, basi, hatukuirithi kwa wazee wa banda. Imekuja na tamthilia zinazokatwa mahali pa utamu kila wiki ili mtazamaji arudi wiki ijayo na matangazo ya biashara yapate macho. Kituo cha Fox cha Marekani kilipoanza kuonyesha Prison Break tarehe 29 Agosti 2005, kilikuwa na kila sababu ya kuogopa watu wasije wakajua kitakachofuata. Ni hofu ya mwenye duka. Huku kwetu ilifika kwenye diski, msimu mzima kwa pamoja, unatazama mpaka usiku wa manane umeme wa Tanesco ukiruhusu. (Sheria ya hakimiliki ina la kusema kuhusu diski zile, itapata zamu yake siku nyingine.) Hatukuwa na matangazo wala wiki ijayo, lakini hofu ya Fox tukaibeba kama yetu. Na tamthilia yenyewe jina lake limeshahadithia kila kitu. Gereza litavunjwa. Aliyesoma kava anajua Michael Scofield na kaka yake Lincoln Burrows watafika ng'ambo ya ukuta. Kama siri ndiyo utamu, waandishi wake waliumwaga wote kwenye jina.

Mfano mzuri zaidi umo ndani ya tamthilia hiyohiyo. Yumo mfungwa mzee, Charles Westmoreland, anayeishi na paka wake Marilyn na kukana, kila anapoulizwa, kwamba yeye ndiye D.B. Cooper. Waandishi hawakumbuni Cooper. Tarehe 24 Novemba 1971 mtu aliyekata tiketi kwa jina la Dan Cooper aliiteka ndege iliyokuwa ikitoka Portland kwenda Seattle, akapewa dola 200,000 na miavuli, akaruka usiku na hakuonekana tena. Wapelelezi wa FBI waliliweka faili lake kando mwaka 2016 bila kulijua jina lake la kweli. Ukitaka kitendawili kisichoteguka, hicho hapo.

Mwezi mmoja na siku moja baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wa 1971, Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi Isimani. Aliyempiga ni Saidi Mwamwindi, mkulima mkubwa wa mahindi, wakati serikali ikisukuma vijiji vya ujamaa kwenye mashamba yale. Hapakuwa na cha kupeleleza. Mwamwindi mwenyewe aliupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa, akaliendesha hadi Iringa mjini na kujisalimisha polisi. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu, Jaji Onyiuke akiwa kitini, ilimhukumu kifo. Akanyongwa.

Sasa ipime nadharia ya kitendawili kwa visa hivi viwili. Kisa cha Cooper kingepaswa kuishi milele, na cha Isimani kingepaswa kufa siku ileile, kwa sababu hakikuacha swali la nani hata kwa saa moja. Njoo Iringa usikie. Mimi nimezaliwa Kihesa na kisa hiki nimekisikia tangu nikiwa mtoto: kwenye vilabu vya ulanzi ambako tulitumwa kumwita mjomba, kwenye mabasi ya kwenda Dodoma yanapoanza kuteremka kwenye tambarare ya Isimani, kwenye misiba usiku watu wakiota moto. Chuo cha ualimu pale mjini kina jina la Kleruu, na kila kundi la wanachuo wapya kuna mmoja atakayeuliza na mmoja atakayemsimulia. Hakuna msimulizi anayekificha kichwa cha habari. Anaanza na maiti garini, halafu anarudi nyuma.

Wanachobishania ni mambo ambayo msikilizaji wa mara ya kwanza hana hata nafasi ya kuyauliza. Maneno gani yalipita kati ya wale wawili pale shambani? Kwa nini mkuu wa mkoa alikuwa kazini siku ya sikukuu? Mtu aliyekwisha kuua, mwenye bunduki mkononi na nchi pana mbele yake, anapata wapi roho ya kumpakia aliyemuua na kumpeleka polisi kwa mikono yake? Yuko msimulizi ambaye kwake Klerruu ni shahidi wa Ujamaa aliyekufa akitumikia. Yuko mwingine, mara nyingi mwenye jembe, anayemuona Mwamwindi kuwa ni mtu aliyechokozwa kwenye jasho lake. Mwisho ni uleule mmoja, na nimewaona wazee wawili wakikosana juu yake mpaka mmoja akahama benchi. Swali la nani likishaondoka, ndipo swali la kwa nini linapopata kiti. Atakayeniambia kwamba wazee wale wanapoteza muda kwa kuwa "wameshaisikia" aende akawaambie mwenyewe.

Rais aliyemteua Klerruu naye alikuwa mtu wa kurudia. Mwalimu Nyerere alifasiri Julius Caesar ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1963, nchi ikiwa changa na yeye akiwa na kazi zaidi kuliko saa. Ni kisa cha mauaji ambacho wauaji wanajulikana kabla hawajachomoa visu, na marehemu anakufa katikati ya mchezo, si mwishoni. Mwaka 1969 kikatoka tena, amekipitia upya na kukirekebisha, safari hii kikiitwa Juliasi Kaizari. Kijana wa Mwanjelwa angemshauri: Mwalimu, hiyo si umeshaimaliza?

Na wanaume wanaonicheka, hebu tuwaulize wanafanya nini Jumapili jioni. Goli la Simba na Yanga lililofungwa jana yake linarudishwa kwa pembe ya kulia, kwa pembe ya kushoto, polepole, kisha haraka, na kila likirudishwa wanainuka kwenye viti kana kwamba safari hii kipa atalidaka. Hawaiti huko kupoteza muda. Wanaita kuchambua mpira.

Wasomi nao wamelijaribu jambo hili. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za Agatha Christie, wengine wakiwa wameelezwa mwisho na wengine hawajaelezwa. Walioelezwa walizifurahia zaidi. Tafiti za baadaye zilileta majibu yasiyolingana na hayo, kwa hiyo sitaiegemea sana. Ushahidi wa vilabu vya ulanzi unanitosha.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi kuipinga, maana imejifunika heshima. Kwenye kicheni pati mwali huambiwa na watu wenye nia njema kabisa: mumeo akirudi amechoka, usimletee vitu vyako, ana vyake. Wanaume nao huambiana hivyohivyo kuhusu wake zao. Nakubali kwamba uko ushurutishaji wa kweli. Mtu aliyezika ndugu aliyeuawa, au asiyestahimili kuona damu, usimketishe mbele ya mauaji kwa jina la mapenzi, mpishe. Lakini kusita ninakokuzungumzia si huko. Ni kule kusita kwa kila siku: "hizo ni za Wazungu," "zina kelele," "mimi nimechoka," "si umeshaiona wewe?" Kusita kwa aina hiyo ni mali, na nyumba nyingi zinaitupa.

Shabiki wa tamthilia ameshaingia mkataba nayo. Alishamsamehe stelingi makosa yake zamani, alishamzoea adui, anajua wapi pa kucheka na wapi pa kushika mdomo. Macho yake yanafuata pale mkurugenzi alipoyatuma. Asiyetaka hana mkataba na mtu. Haoni aibu kuuliza swali la kipumbavu, na maswali ya kipumbavu ndiyo ambayo kila mpelelezi, kuanzia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kuendelea, amelipwa kuyauliza.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Amejenga nyumba za matofali ya kuchoma kuanzia Uyole hadi Iyunga, na kwake mtu mwenye bunduki kwenye kioo ni mtu asiye na kazi. Julai hii, kwa baridi yetu ya Mbeya ambayo inakupeleka kitandani saa mbili usiku, aliketi nami chini ya blanketi moja kwa sababu ndilo lililokuwa sebuleni, si kwa sababu ya Scofield. Vipande vya kwanza alisinzia. Tukafika pale wafungwa wanapofanya fujo na kelele zao zinamfunika Scofield, ambaye nyuma ya seli yake anatoboa ukuta wa zege kwa kitu alichokiunda kutokana na mashine ya mkono ya kupigia mayai. Ukutani amemulika sura ya shetani, mchoro uliofichwa kwenye chale zilizomfunika mwili, na sura ile inamwonyesha pa kutoboa.

Mashabiki wote tunaikumbuka sura ya shetani. Ndicho kitu kilichowekwa pale ili kikumbukwe.

"Hebu rudisha nyuma," fundi akasema, macho yamefunguka.

Nikarudisha.

"Matobo yale ameyapima. Huoni? Hatafuti tobo la kupita mtu. Anatafuta zege lipasuke lenyewe." Akaanza kunieleza jinsi wanavyopasua jiwe kubwa: unatoboa safu ya matundu kwa tindo, unagonga kabari moja baada ya nyingine, na jiwe linafuata mstari uliouchora wewe. Halafu akanyamaza, akasogea karibu na kioo. "Sasa mama watoto, nondo ziko wapi?"

"Nondo gani?"

"Zege la gereza halina nondo? Ukuta ule ukiwa na nondo, apasue mpaka Krismasi, atakutana na chuma." Akakaa kimya kidogo, kisha akacheka peke yake. "Mkandarasi kala nondo. Na huyu kijana si ulisema ni injinia, kampuni yake ndiyo iliyoshughulikia jengo hilo? Basi anajua. Anatoboa pale walipoiba."

Haikuandikwa hivyo na waandishi wa Prison Break, naamini. Lakini niambie kama hujaliona gereza lile kwa namna nyingine sasa hivi. Tamthilia nzima inahusu serikali iliyooza: Lincoln anasubiri kiti cha umeme kwa kumuua ndugu wa makamu wa rais, na aliyesemwa kuuawa, Terrence Steadman, yu hai. Ukiujua mwisho huo tangu mwanzo, kama nilivyoujua mimi, na pembeni yako pana mtu anayetazama kuta badala ya sura, unaanza kuona kwamba uozo wa ikulu na uozo wa zege ni kitu kimoja. Peke yangu na spika masikioni nisingefika huko. Yeye peke yake asingefungua hata kipande cha kwanza.

Akaamka moja kwa moja, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Shabiki yeyote wa Prison Break anampenda T-Bag. Sisemi tunamkubali, nasema akitokea kwenye kioo tunatabasamu, kwa ile sauti yake ya kuburuza na ule mfuko wa suruali anaouvuta nje ili mfungwa mnyonge aushike na kumfuata nyuma. Robert Knepper alimcheza vizuri mno. Fundi akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya saruji: "Huyu amefungwa kwa kosa gani?"

Nikamwambia. Kubaka na kuua vijana wadogo.

"Halafu mnamcheka?"

Swali hilo halina jibu la shabiki. Linajibika kwa jambo moja tu, kwamba tulitazama mara nyingi mno tukiwa tu watu wa imani moja, wote tunacheka mahali pamoja. Hapa ndipo niwajibu kwa kifupi wale wanaosema picha za ujambazi zinafundisha ujambazi. Sijawahi kumwona mtu aliyefunzwa wizi na kioo, ila nimeona mioyo ikizoea. Na dawa yake si kuzima kioo, ni kumweka sebuleni mtu ambaye hajazoea. Asiyetaka kutazama anatazama kwa jicho la mtu aliyefiwa. Hilo jicho shabiki ameshalipoteza na hawezi kulirudisha kwa nguvu zake mwenyewe.

Vivyo hivyo kwenye hukumu ya Lincoln. Mimi nilikuwa nahesabu tu siku zilizobaki, maana ndivyo tamthilia inavyotaka. Fundi alitaka kujua rufaa imefikia wapi, nani anasaini, na kama anayesaini analala usingizi. Nchi yetu bado inatoa hukumu ya kifo, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990, na Mwamwindi, aliyenyongwa, si mtu wa kubuni. Tulizima kioo tukabishana mpaka saa sita. Kipande kilichofuata kilisubiri kesho yake, na hakuna kilichoharibika, kwa sababu nilikuwa nakijua tayari.

Westmoreland ndiye aliyenishinda kuficha. Najua kwamba mzee yule atafariki kwenye chumba cha matibabu cha gereza, na ukuta hatauvuka. Kila anapomlisha Marilyn, kila anapokana kwamba ndiye Cooper, mimi namwona mtu anayelinda kitu ambacho hatakitumia. Mara ya kwanza kumtazama alikuwa mzee wa paka, mtu wa kupitisha muda kati ya tukio na tukio. Anayesema kujua mwisho kunaua utamu hajawahi kumtazama Westmoreland akiwa anajua.

Sasa niseme na upande wangu pia, maana wako mashabiki wanaotuchafulia jina. Kuna mtu akikurudishia sizoni yake anakugeuza mateka. Anakugusa bega kila dakika: "Angalia hapa, angalia hapa." Anakutazama wewe usoni badala ya kioo, kuona kama umecheka. Ukisinzia amekasirika, ukitoka kwenda jikoni amesimamisha picha na kukusubiri kama askari. Huyo naye afukuzwe sebuleni, nitamshikia mlango. Mwenzako akiwa hataki, mpe haki zote za asiyetaka: asinzie, aulize, aponde, apitwe na mambo, aondoke. Mabanda ya video yalikuwa na haki hizo zote, hata ya kusinzia, na ndiyo maana mtu aliyeletwa kwa kuburutwa na rafiki alirudi kesho kwa miguu yake.

Kijana wa kibanda ana hoja yake ya mwisho, na huitoa huku akinionyesha kioo cha kompyuta yake kilichojaa majina: "Lakini mama, mpya ni nyingi. Utazimaliza lini?" Sitazimaliza. Shuleni kwetu kulikuwa na nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, imetoka kava, na ilizunguka darasa zima ikarudi kwa wa kwanza, akaianza tena kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Sisifu uhaba; ningependa tungekuwa na nakala arobaini. Lakini kila mmoja wetu aliweza kukuambia Bwana Msa alijuaje, siyo tu alijua nini, na alikuwapo wa kubishana naye maana wote tulikuwa tumesoma kitabu kilekile. Leo kwenye basi la Iringa kuja Mbeya, toka Mafinga mpaka Igawa, kila abiria ana sizoni yake, na ukimuuliza jirani yako ile aliyoimaliza juzi ilihusu nini, atakujibu "ilikuwa kali" na kurudi kwenye simu. Huyo ndiye anayeniambia mimi napoteza muda.

Msimu wa kwanza tumeumaliza. Wa pili, ambapo wafungwa wametawanyika barabarani na Alexander Mahone anawawinda, fundi alitazama vipande viwili akasema hauna ukuta, kwa hiyo haumhusu. Nikambishia, bado nambishia. Wa tatu, ule uliofupishwa na mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2007, sijathubutu hata kuutaja.

Ila ameniletea masharti. Ana mechi kwenye simu yake, ya Mbeya City ya msimu wa 2013/14, mwaka ule ilipopanda ligi kuu na kumaliza ya tatu na jiji zima kuvaa zambarau. Dakika tisini zote, siyo magoli tu. Amesema kama stelingi anayejulikana hafi anastahili kutazamwa upya, basi na mechi inayojulikana matokeo yake nayo inastahili, na aliyezoea kuwaketisha wengine aketi na yeye. Mpira siupendi hata kuusikia redioni. Nimetafuta hoja ya kukataa na kila niliyoipata nimeshaipinga humu humu. Jumamosi usiku ni zamu yangu kusinzia.